Kuku wa Chicken Run wanateleza kama wamo majini: kosa la diski au la runinga?

SWALI: Habari za kazi. Nilipokuwa shule ya msingi tulikuwa na kanda ya Chicken Run nyumbani, tuliitazama mpaka ikakatika. Juzi nimepata DVD yake ya mtumba, toleo la Uingereza, nikawawekea wanangu wa miaka 6 na 9 kwenye runinga yetu mpya ya inchi 55. Sikuipenda. Kuku wanateleza kama wako ndani ya maji, halafu wanakwama, halafu wanateleza tena. Kava linasema dakika 81, mtandaoni naona dakika 84, je, imekatwa? Sauti nayo naiona nyembamba nikilinganisha na vipande vya mtandaoni. Na nimesikia alama za vidole vya mafundi huonekana kwenye nyuso za kuku, lakini mimi sioni kitu. Diski ni feki? Ninunue toleo gani? (Msomaji, Tanga)

JIBU:

Dada, diski yako si feki na filamu haijakatwa hata sekunde moja. Umepatwa na mambo matatu kwa mpigo. Runinga inabuni picha ambazo hazimo kwenye filamu. PAL, mfumo wa runinga wa Ulaya na wa kwetu, unaikimbiza filamu nzima. Na kuna kichujio kinachofuta alama za vidole kwa kudhani ni uchafu. La kwanza na la tatu utayamaliza leo kwa rimoti. La pili linahitaji diski nyingine, au kompyuta na mpangilio mmoja.

Tuanze na kuteleza, maana ndiko kunakoharibu zaidi.

Chicken Run ilitoka mwaka 2000. Waliiongoza Peter Lord na Nick Park wa studio ya Aardman, Bristol, na ilipigwa kwa filamu ya milimita 35. Kazi yote ni ya picha moja moja: kikaragosi cha udongo kinasogezwa kidogo, kinapigwa picha, kinasogezwa tena. Sinema huonyesha fremu 24 kwa sekunde, kwa hiyo dakika 84 ni karibu fremu 121,000. Ila mafundi hawasogezi kikaragosi kwa kila fremu. Kwa mwendo wa kawaida, kila mkao hupigwa picha mbili, na sekunde moja inakuwa na mikao 12 tu. Kuku akikurupuka, au kamera yenyewe ikisafiri, wanahamia mkao mmoja kwa picha moja. Mchanganyiko huo ndio unaoipa filamu ya udongo mdundo wake wa kudonoadonoa, na kwa filamu ya kuku neno hilo halijapotea njia.

Sasa runinga yako. Kioo chake hujichora upya mara 50, 60, 100 au 120 kwa sekunde, na kiwanda kimeiwekea programu ya kujaza nafasi kati ya fremu kwa picha za kubuni ili mpira wa miguu uonekane laini. Ikipewa filamu ya udongo inasoma hivi: mkao A, mkao A, mkao B, mkao B. Kati ya A na A hakuna kilichosogea, basi inarudia ileile. Kati ya A na B kuna mwendo, basi inabuni hatua za katikati. Ndipo Ginger, kuku mhusika mkuu, anaposimama, anateleza, anasimama, anateleza, mara kumi na mbili kwa sekunde. Hayo ndiyo maji unayoyaona, na huko ndiko kukwama. Angalia pia pembezoni mwa bawa linalopungwa haraka. Utaona ukungu unaotetemeka kama hewa juu ya lami ya mchana, kwa sababu programu haijui bawa linaishia wapi na ukuta wa banda unaanzia wapi. Filamu iliyoigizwa na watu huivumilia programu hii kidogo. Ya udongo haiivumilii kabisa.

Kila kampuni imekipa kipengele hiki jina lake. Kwenye Samsung ingia Picture, kisha Expert Settings, utafute Auto Motion Plus. Kwenye runinga zao mpya kidogo kinaitwa Picture Clarity. LG wanakiita TruMotion, Sony wanakiita Motionflow, Hisense ni Ultra Smooth Motion. Zima kabisa, usikishushe tu hadi kiwango cha chini. Kama runinga ina Filmmaker Mode, ichague hiyo moja kwa moja, kwa kuwa inazima hili na mengine nitakayoyataja. Runinga za bei nafuu mara nyingine hazionyeshi kipengele hiki popote kwenye menyu. Hapo jaribu Game Mode. Rangi zitabadilika kidogo, lakini mara nyingi ubunifu wa picha huzimika. Jambo moja linalowachanganya wengi: mipangilio hii huhifadhiwa kwa kila tundu la HDMI peke yake. Ukizima ukiwa unatazama king'amuzi, deki iliyoko tundu la pili haijaguswa. Weka diski, filamu ianze kucheza, ndipo uingie kwenye menyu.

Ukiwa humohumo, shughulikia alama za vidole. Tafuta Noise Reduction, Digital Clean View au MPEG Noise Reduction, uzime zote. Kazi ya vichujio hivi ni kulinganisha fremu na fremu na kufuta chochote kinachobadilikabadilika bila mpangilio. Chembechembe za filamu hubadilika bila mpangilio. Alama za vidole kwenye udongo nazo ni vivyo hivyo, kwa sababu fundi akigusa uso wa kikaragosi kati ya picha na picha, mkunjo wa jana unafutika na mpya unatokea. Kichujio hakitofautishi vumbi na kidole cha mtu. Kinapaka vyote, na uso wa kuku unatoka laini kama plastiki ya beseni.

Halafu Sharpness. Kwenye runinga nyingi ishushe hadi sifuri au karibu na hapo. Kwenye Sony, 50 ndiyo hali isiyoongezwa wala kupunguzwa, kwa hiyo iache hapo. Ukali uliozidishwa huchora mstari mweupe kuzunguka kila manyoya, na macho yako yanauona mstari badala ya udongo. Mwisho wa menyu ni ukubwa wa picha: chagua Just Scan kwa LG au Fit to Screen kwa Samsung. Filamu hii ina umbo la 1.85 kwa 1, pana kidogo kuliko kioo cha 16 kwa 9, hivyo kistari chembamba cheusi juu na chini ni halali yake. Kwenye kioo cha mistari 1080 ni kama mistari 21 kila upande. Usipokiona kabisa, huenda runinga inakuza picha na kukata kingo zote nne.

Nakuja kwenye dakika 81.

Tanzania, Kenya, Uganda na Uingereza zilirithi mfumo wa PAL, ambao ni fremu 25 kwa sekunde. Filamu ina fremu 24. Njia rahisi ya kuziingiza ni kuikimbiza filamu yote mpaka ifike 25, na ndivyo ilivyofanyika kwa DVD nyingi za Ulaya. Piga hesabu: dakika 84 mara 24 gawanya kwa 25 ni dakika 80 na sekunde 38 hivi. Kava likaandika 81. Fremu zote zimo, zinapita haraka zaidi kwa asilimia 4. Sauti nayo inapanda kwa kiasi hichohicho, ambacho kwa mwanamuziki ni pungufu kidogo ya nusu toni. Inasikika zaidi kwenye muziki wa John Powell na Harry Gregson-Williams kuliko kwenye maongezi. Kanda yenu ya zamani, kama ilikuwa ya PAL, ilikimbizwa vilevile. Hukuwa na cha kuilinganisha nacho, basi.

Diski ya Marekani ni ya NTSC, mfumo wa runinga wa huko. Inabaki na mwendo wa asili na dakika 84, lakini ina mistari 480 dhidi ya 576 ya PAL. Kwa hiyo unachagua: mistari zaidi kwa kasi isiyo sahihi, au kasi sahihi kwa mistari michache. Kuna wanaoikimbia NTSC kwa sababu ya kutikisika. Ili fremu 24 zienee kwenye mapigo 60 ya kioo, fremu moja hupewa mapigo 3 na inayofuata 2, na kamera ikisafiri polepole mtikisiko unaonekana. Ila kwa uhuishaji wa mkao mmoja picha mbili, 3 jumlisha 2 ni 5, na kila mkao unapata mapigo matano sawasawa. Kutikisika kunabaki pale tu kamera inaposafiri au mwendo unapokuwa wa picha moja moja. Ni bahati ya hesabu ambayo filamu ya waigizaji haina.

Kama hutaki kununua tena, unaweza kuirudisha kasi ya asili kwenye kompyuta. Fungua DVD kwa VLC, programu ya bure ya kuchezea video, weka kasi ya kucheza 0.96, kisha ingia kwenye mipangilio ya sauti, onyesha vipengele vyote, uondoe tiki kwenye Time-stretching audio. Usipoondoa tiki hiyo, VLC itapunguza kasi lakini italinda ule unyembamba wa sauti, na utadhani hujafanya kitu.

Toleo la kutafuta, kama uwezo upo, ni Blu-ray. Mistari 1080, fremu 24 kwa sekunde kama sinema, na sauti ya kimo chake. Marekani iliitoa Universal mwaka 2019. Kabla ya kulipa geuza kava usome kanda yake, yaani eneo la dunia ambalo diski imetengenezewa: A ni Marekani na Japani, B ni Ulaya, Afrika na Mashariki ya Kati. Kama watoto wana PlayStation 4, hiyo tayari ni deki ya Blu-ray. PlayStation 5 inakubali kama ni ile yenye tundu la diski. Console ya soko letu ni kanda B. Kwenye mipangilio yake ya video ruhusu 24Hz, la sivyo itatoa mapigo 60 na faida moja ya Blu-ray itapotea njiani. Usitarajie picha inayong'aa kama katuni za kompyuta za leo. Hii ni filamu ya milimita 35, chembechembe zake zipo na zinatakiwa kuwepo.

Kwa DVD mambo ya kanda ni tofauti kidogo na huwaponza wanaoagiza. Marekani ni 1. Ulaya, Mashariki ya Kati, Misri na Afrika Kusini ni 2, kwa hiyo ndugu zetu walioko Muscat wanatumia namba moja na London. Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo ni 5. Deki yako imeisoma diski ya Uingereza, maana yake imefunguliwa kanda zote, kama zilivyo deki nyingi za bei nafuu madukani kwetu. Tahadhari ni kwenye kompyuta. Kisomaji cha DVD cha kompyuta hukubali kubadilishwa kanda mara 5 tu, na ya tano ndiyo ya kudumu. Ujumbe ukitokea unaokuuliza kubadilisha, usibonyeze kwa mazoea.

Ama zile diski za kando ya barabara zenye filamu kumi kwenye diski moja, kwa filamu hii zikwepe, na si kwa sababu ya haki za wenye kazi peke yake. Hesabu ni hii. DVD ya tabaka moja ina gigabaiti 4.7. Ukigawa kwa kumi, kila filamu inapata megabaiti 470, yaani kama megabiti 0.75 kwa sekunde kwa picha na sauti pamoja. Diski halali ikitumia gigabaiti 5 kwa filamu hii moja, inapata karibu 8. Blu-ray ikitumia gigabaiti 20 inafika karibu 32. Katuni ya kuchorwa yenye rangi bapa huweza kuvumilia kubanwa. Udongo hauwezi: kila fremu ina mikunjo mipya, na programu ya kubana ikikosa nafasi huanza kwa kufuta mikunjo. Zile zenye sauti ya mtafsiri juu zina raha yake sebuleni, lakini kila akifungua mdomo muziki na milio ya mashine vinazama.

Waya nao usiudharau. Deki nyingi za mtumba huunganishwa kwa waya wa AV, ule wenye vichwa vya njano, nyeupe na nyekundu. Kichwa cha njano hubeba picha nzima kwenye uzi mmoja, rangi na mwanga vikiwa vimechanganywa, na runinga ikijaribu kuvitenganisha huacha vidoadoa vinavyotambaa kwenye mipaka ya rangi kali. Utaviona ukingoni mwa kofia ya kijani ya Ginger dhidi ya anga la usiku. HDMI inaondoa tatizo hilo. Na kama maongezi yanasikika kwa mbali huku ile mashine ya filamuni ya kugeuza kuku kuwa pai ikipasua masikio, deki inatoa sauti ya njia 5.1 kwenda kwenye spika mbili za runinga. Chagua sauti ya stereo kwenye menyu ya diski kama ipo, au kwenye mipangilio ya sauti ya deki weka PCM (sauti isiyobanwa) na uwashe DRC, inayopunguza tofauti kati ya sauti kubwa na ndogo.

Kwa kuwa diski ni ya mtumba, ikague kabla hujalaumu runinga. Ishike kingo, iinamishe chini ya taa. Michirizi myepesi upande unaong'aa si kitu. Isafishe kwa kitambaa laini cha miwani kilicholoweshwa maji ya vuguvugu na tone moja la sabuni ya vyombo, ukifuta kutoka kwenye tundu kwenda ukingoni kwa mstari ulionyooka. Usizungushe. Data imeandikwa kwa mzunguko, na mkwaruzo unaofuata mzunguko huo hufunika data nyingi mfululizo kuliko deki inavyoweza kurekebisha, wakati mkwaruzo unaoukata kwa upande hufunika kidogo tu kila raundi. Dawa ya meno inayosifiwa mitaani husaidia kweli kwenye mikwaruzo midogo ya DVD, kwa kuwa data yake iko katikati ya plastiki mbili za milimita 0.6 kila moja, na hapo juu kuna pa kusugua. Kwenye Blu-ray usithubutu. Data yake iko milimita 0.1 tu kutoka usoni, chini ya koti gumu, na ukilisugua koti hilo umeiua. Picha ikiganda mahali palepale kila mara, ni diski. Ikiganda popote inapojisikia, safisha lenzi ya deki kwanza.

Kama kanda ile ya zamani bado iko kabatini, ichungulie kwenye kidirisha chake. Hali ya hewa ya Tanga, Mombasa au Unguja huotesha ukungu mweupe kama nyuzi za buibui pembeni mwa utepe. Ukiuona, usiiweke kwenye deki yoyote: ukungu hubaki kwenye vichwa vya deki na kuhamia kanda nyingine. Kwa upande wa picha hukosi kitu. Kanda za wakati ule kwa kawaida zilikatwa pande mbili ili zijae kwenye kioo cha 4 kwa 3, na ukikata picha ya 1.85 namna hiyo unapoteza zaidi ya robo ya upana wake, robo ambayo katika filamu hii mara nyingi ina kuku mwingine anayefanya kichekesho chake pembeni.

Baada ya kuweka mambo sawa, hivi ndivyo vya kuwaonyesha watoto.

Alama za vidole usizitafute kila mahali, kwa sababu kuku hawa si udongo mtupu. Miili yao ilifinyangwa kwa silikoni juu ya mifupa ya chuma. Kichwa na mabawa, sehemu zinazoigiza, ndizo za plastisini. (Plastisini ina mafuta na nta, haikauki wala kupasuka kama udongo wa mfinyanzi, na ndiyo maana kikaragosi kinaweza kusogezwa siku nzima.) Silikoni haishiki alama. Kwa hiyo tumbo la kuku Babs ni laini kila wakati, hata kwenye Blu-ray. Tazameni usoni, juu ya nyusi na pembeni mwa mdomo, picha inapokuwa ya karibu na taa inapotoka upande. Sasa mtauona udongo unachemka: mikunjo midogo inayobadilika kila mkao ilhali kichwa kimetulia. Kisha angalieni shingoni. Karibu kila kuku ana skafu, mkufu au kitambaa. Hayo si mapambo tu, yanaficha mahali plastisini ya kichwa inapokutana na silikoni ya mwili. Mwambie mkubwa amtafute kuku mwenye shingo tupu, utapata dakika kumi za utulivu.

Midomo ni ya kubadilishwa. Kila mhusika alikuwa na seti ya midomo iliyofinyangwa tayari kwa kila umbo la sauti, na fundi alichomoa mmoja na kupachika mwingine, kisha akalainisha kiungo kwa kidole. Kope nazo ni vipande vya kupachika. Jicho ni shanga ngumu, na huzungushwa kwa ncha ya pini.

Kuthibitisha ile hesabu ya mikao, chezeni diski kwenye kompyuta kwa VLC, simamisheni mahali Ginger anapozungumza na kamera imetulia, kisha bonyezeni herufi E. Kila mbonyezo ni fremu moja. Picha ikibadilika kila mbonyezo wa pili, hapo ni mikao 12. Ikibadilika kila mbonyezo, mmefika kwenye mwendo wa haraka. Diski yako ya PAL inafaa kwa zoezi hili kuliko ya NTSC, kwa sababu kila fremu ya filamu imo mara moja, nzima. Kwenye baadhi ya diski za NTSC fremu mbili kati ya tano huwa zimechanganywa, na utaona mistari kama meno ya kitana. Herufi D husaidia kuitoa. Mahali pazuri pa kuhesabia ni ndani ya mashine ya pai, Ginger na jogoo Rocky wanapokimbizana na mikanda na visu, kwa kuwa hapo mwendo unaruka kutoka mbili kwenda moja na kurudi ndani ya tukio lilelile. Ghala la Aardman liliungua Oktoba 2005, na vikaragosi na mandhari nyingi za filamu zao za nyuma zikateketea, kwa hiyo mengi ya vitu mnavyoviona hapo hayapo tena popote zaidi ya humo kwenye diski.

Na kwa mtoto wa miaka 6: Uingereza waliipa filamu hii daraja la U na Marekani G, yaani ya wote, lakini mapema kabisa kuna Edwina, kuku asiyetaga, anayetolewa mstarini na kupelekwa kwenye shoka. Pigo lenyewe halionyeshwi. Linalotisha ni kivuli, mlio, na ukimya wa wenzake. Kaa naye sehemu hiyo, na kama atashtuka, rudini nyuma kidogo mbonyeze E mpaka aone mwenyewe fremu ambayo kivuli cha shoka kimesimama hewani, hakiendi popote mpaka kidole chake kiamue.